Dakika Tano za Roberta Flack

Katika tuzo za Grammy za 1973, wimbo mmoja wa mapenzi ulitunukiwa mara mbili, na tuzo hizo zikaenda kwa watu wawili. Ya utunzi alipewa Ewan MacColl, Mwingereza aliyeutunga "The First Time Ever I Saw Your Face" mwaka 1957. Ya rekodi bora ikamwendea Roberta Flack, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule Washington. Tuzo hizo zilipoanza, mwaka 1959, zote mbili zilichukuliwa na Mwitaliano Domenico Modugno kwa wimbo ambao dunia inaujua kama "Volare", kwa kuwa alishiriki kuutunga na akauimba mwenyewe. Mgawanyo wa 1973 ulikuwa wa haki, kwa sababu anayeurudia wimbo wa mwenzake anaweza kuwa mtunzi wake wa pili bila hata kugusa maneno.

MacColl aliutunga kwa ajili ya mpenzi wake Peggy Seeger, Mmarekani aliyekulia Maryland, pembezoni mwa Washington. Seeger aliuimba kwa wepesi na mwendo wa haraka, kwa mtindo wa nyimbo za jadi, na katika miaka ya 1960 makundi kama Kingston Trio yakaurudia. Flack alikulia Arlington, ng'ambo ya mto Potomac, akaingia Chuo Kikuu cha Howard kusomea muziki akiwa na miaka 15, na kufikia 1968 alikuwa akiimba na kupiga piano Mr. Henry's, baa ya mtaa wa Capitol Hill. Alipourekodi mwaka 1969, wimbo ulichukua zaidi ya dakika tano. Hakuujaza ala wala madoido. Aliuacha kila mstari upoe kabla ya kuanza mwingine. Maneno yanasimulia mtu anayekumbuka alivyouona uso wa mpenzi wake kwa mara ya kwanza. Yakiimbwa haraka, ni sifa anazomwagiwa mpenzi. Yakiimbwa taratibu, tunamsikia anayekumbuka akikumbuka.

Atakayepinga atasema mtunzi ndiye ajuaye, na ni kweli kwamba MacColl hakupendezwa na wengi waliourudia wimbo wake. Lakini mtunzi anajua alichokusudia. Kilichobaki ndani ya wimbo huenda kikamsubiri mwingine. Wapenzi wa taarabu wanalielewa hili: Bi Kidude aliimba nyimbo za Siti binti Saad kwa sauti yake nzito, na hakuna anayemlaumu kwa kutokuwa Siti. Wengine watasema Flack alibebwa na sinema. Ni kweli, rekodi yake ilikaa kimya hadi Clint Eastwood alipoitumia katika filamu ya "Play Misty for Me" ya 1971, na mwaka uliofuata ikashika nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki sita. Ila mwaka huohuo wa 1971 Elvis Presley, aliyemzidi Flack kwa umaarufu mara nyingi, naye aliurekodi, na ni wachache wanaoikumbuka rekodi hiyo. Sinema ilimfungulia Flack mlango. Waliobaki kusikiliza walishikwa na ule mwendo wake wa taratibu. Johnny Cash naye alikwenda polepole alipoutoa mwaka 2002, akiwa mzee na mgonjwa, kwa sauti ya mtu ambaye hiyo mara ya kwanza imeshakuwa mbali sana nyuma yake.