Jarida la kwenye kishikwambi: Lipi litamlipa mkulima wa Bagamoyo?

MKULIMA wa mananasi wa Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, hukabiliwa na uamuzi mmoja mgumu kila anapovuna. Amwuzie dalali aliyefika na gari hadi shambani, au akodi gari apeleke mzigo mwenyewe katika masoko ya Mabibo au Buguruni, jijini Dar es Salaam?

Jarida la karatasi linaweza kumweleza mengi kuhusu miche, mbolea na magonjwa, lakini haliwezi kumfanyia hesabu ya mananasi yake mwenyewe. Hapo ndipo programu mpya za kuchapisha majarida ya kwenye kishikwambi zinapoweza kumfaa, iwapo wachapishaji watachagua vitu vya kumsaidia na kuacha mapambo.

Kishikwambi si kitu kigeni tena nchini. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, makarani walitumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, na baadaye vifaa hivyo viligawiwa kwa walimu wa shule za umma.

Aidha, kusoma habari za kilimo kwenye kioo kulikwisha kuanza. Jarida la Mkulima Mbunifu, linaloandika kwa Kiswahili kuhusu kilimo endelevu tangu mwaka 2011, hupatikana kwenye karatasi na pia kwenye intaneti kama faili la PDF.

Hata hivyo, faili la PDF ni picha ya karatasi. Kwenye kioo kidogo maandishi huwa madogo mno, na msomaji hulazimika kuvuta ukurasa huku na kule ili amalize mstari mmoja.

Ukurasa unaosikiliza na kusema

Jarida shirikishi ni lile linalomruhusu msomaji kugusa, kusikiliza na kuingiza takwimu zake. Mfumo unaotumika sana kwa vitabu na majarida ya aina hii ni EPUB. Toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2011, na marekebisho ya 3.3 yakapitishwa rasmi Mei 2023.

Mfumo huo una mambo matatu yanayomhusu mkulima moja kwa moja. La kwanza, maandishi hujipanga upya kulingana na upana wa kioo, hivyo mzee mwenye macho hafifu anaweza kukuza herufi bila kupoteza mstari.

La pili, sauti inaweza kuambatanishwa na maandishi, na kila sentensi ikang'aa inaposomwa. Faida yake inaonekana wazi katika kijiji cha Mlingotini, kusini mwa mji wa Bagamoyo, ambako kunalimwa mwani.

Kazi ya baharini hufuata maji ya bamvua, yanapokupwa sana. Nyumbani nako kuna kazi ya kufunga mbegu kwenye kamba, ambayo huchukua saa nyingi. Mikono ina shughuli lakini masikio yako huru. Mama anayefunga mbegu anaweza kusikiliza kwa nini mwani aina ya cottonii huathirika zaidi maji ya bahari yanapopata joto, na kwa nini spinosum huvumilia ingawa bei yake ni ya chini.

La tatu, ukurasa unaweza kubeba kikokotoo. Msomaji anaandika idadi na bei, na jibu linatokea hapo hapo. Ikumbukwe kwamba si kila programu ya kusomea huonyesha vikokotoo hivyo, hivyo mchapishaji anapaswa kujaribu jarida lake kwenye vifaa vya bei nafuu kabla ya kulisambaza.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tuchukue mfano wa kufikirika wa mkulima mwenye mananasi 1,000. Dalali anatoa Sh500 kwa kila nanasi shambani, yaani Sh500,000 taslimu.

Sokoni Dar es Salaam bei ni Sh900. Usafiri, ushuru na upakuaji ni Sh200 kwa kila nanasi, jumla Sh200,000. Iwapo mananasi 100 yataharibika njiani, yatauzwa 900 kwa Sh810,000. Baada ya kutoa gharama zinabaki Sh610,000, na mkulima amemzidi dalali kwa Sh110,000.

Yakiharibika 200, kinachobaki ni Sh520,000. Faida ya safari nzima ni Sh20,000, ambayo haitoshi hata kufidia siku mbili za kukaa sokoni. Yakiharibika 300, anarudi na Sh430,000 na amepata hasara ya Sh70,000 kuliko kama angeuza shambani.

Katika mfano huu mpaka ni mananasi 222. Yakiharibika zaidi ya hapo, heri dalali. Mkulima akiliona hilo atajua kwamba namna ya kupanga mzigo ndani ya gari ina uzito kama bei yenyewe. Jarida la karatasi lingeweza kuchapa mfano mmoja tu, lakini kikokotoo humwezesha kila mmoja kuweka bei ya siku ile na gari lake.

Kikokotoo kama hicho kinaweza pia kupanga tarehe za kuvuna. Nanasi lililochochewa kutoa maua kwa dawa huwa tayari baada ya takriban miezi mitano hadi saba, kutegemea hali ya hewa. Anayechochea shamba kwa mafungu hukwepa kuvuna yote wakati mmoja na wenzake, soko linapofurika. Kiasi cha dawa aulizwe bwana shamba.

Nani analipia data?

Kitu kinachoua majarida mengi ya aina hii ni uzito wa faili. Picha 20 zilizopunguzwa hadi kilobaiti 200 kila moja ni megabaiti 4 tu. Dakika 30 za sauti iliyobanwa vizuri ni takriban megabaiti 7. Lakini video tatu fupi za megabaiti 15 kila moja ni megabaiti 45, na anayelipa ni mkulima kwa kifurushi chake.

Njia nafuu ni video kuwekwa kando, apakue anayeitaka. Kikundi cha watu 20 kinaweza kupakua jarida mara moja, kisha wanachama wakapeana kwa memori kadi au bluetooth. Bei za soko nazo ziandikwe pamoja na tarehe, kwani bei ya mwezi uliopita inaweza kumtia mtu hasarani.

Wachapishaji wasikimbilie mitindo. Gazeti la The Daily la Marekani, lililotengenezwa kwa ajili ya kishikwambi cha iPad, lilianza Februari 2011 na kufungwa Desemba 2012. Programu ya Flash, iliyokuwa ikichezesha picha na michezo kwenye kurasa nyingi za intaneti, iliachwa na kampuni ya Adobe mwishoni mwa mwaka 2020. Mwaka huo huo Apple iliachana na iBooks Author, iliyokuwa ikitengeneza vitabu shirikishi.

Waliotegemea zana hizo walilazimika kuanza upya. Kwa sababu hiyo, halmashauri, chama cha ushirika au kikundi kinachotaka kutoa jarida kichague mfumo wa wazi unaosomeka kwenye vifaa vya kampuni mbalimbali. Programu ya Sigil, kwa mfano, hutengeneza faili za EPUB na hutolewa bure.

Kwa upande wa wakulima, kabla ya kikundi kuchanga fedha za jarida au kishikwambi, kifanye majaribio matatu. Zima data uone kama jarida litafunguka. Mpe mtu asiyeona vizuri uone kama ataelewa kwa kusikiliza. Kisha weka hesabu za shamba lako uone kama litakupa jibu.

Likishindwa yote matatu, fedha hizo zinunue kreti za kubebea mananasi.