Biti ya Kwanza: Anza na Visanduku 16

Kijana anayetaka kutengeneza muziki kwa kompyuta huuliza kwanza habari za manunuzi. Kompyuta gani? Kinanda kipi? Spika za shilingi ngapi? Si swali baya, ila limewahi mno.

Dar es Salaam ilishalijibu. Muziki wa mchiriku ulipigwa miaka na miaka kwa vinanda vidogo vya Casio, ambavyo kwingine watu waliwanunulia watoto wachezee. Singeli iliyokuja baadaye ilipikwa uswahilini kwenye kompyuta za kawaida kabisa, kwa programu kama FL Studio na hata Virtual DJ, ambayo imeundwa kwa ajili ya madijei. Kipande cha taarabu kilikatwa, kikazungushwa, kikakimbizwa hadi mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, kazi za studio ya Sisso iliyoko Mburahati, na wasikilizaji wa Ulaya wakaanza kuuliza huu ni muziki gani.

Watayarishaji wale hawakuwatangulia wenzao kwa vifaa. Walijua kugawa muda: pigo hili liangukie wapi, lile lichelewe kiasi gani, wapi paachwe wazi. Kazi ya biti inaanzia hapo. Anayeuelewa mgawo huo anaweza kuanza leo kwa laptopu aliyonayo. Asiyeuelewa, hata ukimkabidhi studio nzima, atabaki kubonyeza vitufe.

Vifaa, kwa kifupi

Laptopu yenye RAM ya GB 8 inatosha kujifunzia. Hedifoni ziwe za waya. Zile za Bluetooth huchelewesha sauti, na mara nyingi ucheleweshaji huo unazidi sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa kusikiliza wimbo hutaona tofauti; kwa kupiga kinanda, unabonyeza sasa na sauti inakuja baadaye.

Programu ziko nyingi. FL Studio ilizaliwa Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, kazi ya Didier Dambrin, na mwanzoni ilikuwa mashine ndogo tu ya kupanga ngoma. Toleo lake la majaribio ni bure, lakini lina kikwazo kimoja: unaweza kuhifadhi kazi, ila huwezi kuifungua tena ukaiendeleza mpaka ununue leseni. Ukishanunua, matoleo mapya unayapata bure maisha yako yote. Asiye na fedha achukue LMMS, ambayo ni bure moja kwa moja na mpangilio wake unafanana na wa FL Studio. Mwenye kompyuta ya Apple ana GarageBand bila malipo. BandLab inafanya kazi kwenye kivinjari na kwenye simu. Programu zilizovunjwa leseni zinazopitishwa kwa flashi achana nazo: nyingi huja na virusi, na siku ya kupoteza kazi ya miezi mitatu utakuwa umeilipia kwa bei kubwa kuliko leseni.

Chagua moja na ukae nayo. Kuhamahama kati ya programu ni njia nzuri ya kujiona una shughuli huku hakuna wimbo unaotoka.

Visanduku 16

Fungua programu kama FL Studio au LMMS na utafute sehemu ya kupanga ngoma. Utaona mistari; kila mstari ni wa sauti moja, na kila mmoja una visanduku 16. Visanduku hivyo ni baa moja, yaani mapigo manne, na kila pigo limegawanywa mara nne. Ukiwasha kisanduku, sauti inalia kompyuta ikifika hapo. Ukikizima, kimya.

Kasi hupimwa kwa idadi ya mapigo kwa dakika, na hesabu yake ni nyepesi: gawanya 60,000 kwa kasi, unapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Kwa kasi ya 120, pigo moja ni milisekunde 500, baa nzima ni sekunde 2, na kisanduku kimoja ni milisekunde 125. Ikariri hesabu hii, utaihitaji kila siku.

Sasa weka kasi hiyo ya 120. Kwenye mstari wa kiki, ile ngoma nzito ya chini, washa kisanduku cha 1, 5, 9 na 13. Kofi liweke kwenye cha 5 na 13. Hai-hati, vile visahani vinavyolia kwa wembamba, ziweke kwenye cha 3, 7, 11 na 15. Bonyeza kitufe cha kuanza. Unachosikia ni mifupa ya muziki wa house, ule wa kiki nne zilizonyooka.

Acha vingine vyote kama vilivyo, badilisha kiki peke yake: washa 1, 4, 7, 9, 12 na 15. Hesabu nafasi kati ya kiki na kiki na utakuta tatu, tatu, mbili, kisha tena tatu, tatu, mbili. Kasi ni ile ile, sauti ni zile zile, lakini mdundo umehama kabisa; ulikuwa unatembea, sasa unacheza. Mgawo huu wa 3-3-2 ndio uti wa mgongo wa reggaeton na midundo mingi ya Karibiani, na Afrika inaujua tangu zamani.

Jaribio la tatu: biti hiyo hiyo ipandishe hadi 240. Kisanduku kimoja sasa ni milisekunde 62.5 tu. Kiki uliyoipenda mwanzo itaanza kuvurugika, kwa sababu mkia wake haujaisha na nyingine imeshagonga. Ifupishe mpaka igonge na kukatika. Kumbe kwenye muziki wa kasi ya singeli urefu wa kila sauti ni sehemu ya mdundo, na kiki inayofaa kwa wimbo wa taratibu haifai huko.

Biti ikishakaa sawa, itakusumbua jambo moja: inasikika kama mashine. Dawa yake ni nguvu ya pigo. Mfumo wa MIDI, uliokubaliwa na watengenezaji wa vinanda mwaka 1983, haubebi sauti bali maagizo: bonyeza noti hii, kwa nguvu hii, achia sasa. Nguvu hiyo hupewa namba hadi 127. Hai-hati zako nne zikiwa zote na 100, zinakereketa. Zipe 100, 60, 85, 55, na utasikia mkono wa mtu.

Sauti zinatoka wapi

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni sampuli, yaani sauti iliyorekodiwa. Kompyuta hupima wimbi la sauti mara nyingi kwa sekunde na kuandika kila kipimo. Kwa kiwango cha CD ni mara 44,100. Namba hiyo ina sababu. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na ili kuunasa mtetemo wowote lazima uupime zaidi ya mara mbili ya kasi yake.

Sampuli nzuri hazitafutwi mbali. Simu yako ina kinasa sauti. Rekodi mfuniko wa sufuria, mlango wa kabati, viganja viwili. Ingiza kwenye programu, kata kimya cha mwanzoni, na ukiweka kwenye kisanduku umepata ngoma ambayo hakuna mwingine anayo. Kuhusu vipande vya nyimbo za watu, sheria iko wazi: kazi ina mwenyewe, na kuitoa hadharani bila ruhusa ni kosa. Tanzania mambo hayo yako chini ya COSOTA, Kenya chini ya KECOBO. Kujifunzia chumbani ni jambo moja, kupandisha wimbo YouTube ni jingine.

Njia ya pili ni sintesaiza, ambayo huumba sauti kutoka sifuri. Chanzo hutoa wimbi: lile laini kama mluzi, la mraba lenye utupu ndani yake, au la msumeno linalokwaruza. Kichujio hupunguza ukali. Mwisho unaamua sauti iingie kwa ghafla au taratibu, na ifie vipi. Ukizijua sehemu hizo tatu, sintesaiza nyingi utakazokutana nazo hazitakuwa ngeni.

Anzia na besi. Chukua wimbi laini na upige noti ya A ya chini, yenye mitetemo 55 kwa sekunde. Kwenye hedifoni itatikisa taya. Sasa isikilize kwenye spika ya simu: imepotea. Spika ndogo kiasi kile haiwezi kusukuma hewa kwa mawimbi marefu namna hiyo. Ukiongeza ukwaruzo kidogo juu ya besi, zinazaliwa sauti za 110, 165, 220 na kuendelea. Zile za juu simu inazimudu, na sikio likizisikia linajaza lenyewe ile 55 iliyokosekana. Wasikilizaji wako wengi watausikia wimbo wako kwa mara ya kwanza kwenye simu, kwa hiyo hatua hii usiiruke.

Kutoka kwenye lupu hadi wimbo

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Una baa nane tamu zinazojirudia, unazisikiliza usiku kucha, na hazisogei. Baa nane kwa kasi ya 120 ni sekunde 16. Wimbo wa dakika tatu unataka baa 90.

Njia inayofanya kazi ni kupunguza. Nakili lupu yako kamili mpaka ijaze dakika tatu zote, kisha rudi mwanzoni na uanze kufuta. Utangulizi ubaki na hai-hati na melodi. Kiki iingie baada ya baa nane, besi baada ya nyingine nane. Kabla ya kiitikio zima kiki kwa baa moja nzima, halafu irudishe. Msikilizaji husubiri kilichoondolewa, na kusubiri huko ndiko kunakompa hamu ya kuendelea. Biti iliyojaa mwanzo hadi mwisho haina mahali pa kwenda, na mwimbaji naye hapati pa kukaa.

Kwenye miksi kanuni ni ile ile. Ndani ya kompyuta sauti ina dari, desibeli 0, na kinachozidi hapo hukatwa na kupasuka. Shusha kila kitu, anza na kiki, kisha ongeza sauti moja moja, ukihakikisha mita ya masta, yaani ya sauti zote pamoja, inaishia karibu na -6. Kama besi haisikiki, kabla ya kuipandisha tafuta ni nini kinaifunika ukishushe hicho.

Ukimaliza, toa faili la WAV la kuhifadhi, ambalo kwa kiwango cha CD hula takriban MB 10 kwa kila dakika, na MP3 ya kutuma WhatsApp. Projekti nayo ihifadhi kwa jina jipya kila mara, biti_1, biti_2, biti_3, na nakala moja ikae kwenye flashi. Umeme wetu haupigi hodi unapoondoka, na faili lililoharibika katikati ya kuhifadhiwa halirudi.

Kinanda na spika vina wakati wake. Siku utakaponunua kinanda na kukuta sauti inachelewa, usikirudishe dukani kwanza. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, tumia dereva ya ASIO kama uko kwenye Windows, na upunguze ukubwa wa bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuitoa. Kwa kiwango cha CD, bafa ya vipimo 2,048 peke yake inachelewesha sauti kwa milisekunde 46. Ya 256 haifiki 6. Ikipungua mno sauti itaanza kukatikakatika, basi panda ngazi moja.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya chochote, pakua programu moja leo. Panga visanduku 16, tengeneza besi, futa mpaka lupu igeuke wimbo, na ufike mwisho hata kama hujaupenda. Mpe mtu mmoja asikilize, uangalie mguu wake badala ya kumuuliza maoni. Kisha fungua projekti mpya. Atakayemaliza biti kumi mbovu atajua mengi kuliko mwenye biti moja nzuri ambayo haijaisha.