Fuata Unga, Utawakuta Rafiki

Mpita njia wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam anaweza siku moja kukuta konzi ya unga mweupe imemwagwa kando ya njia. Hatua kadhaa mbele kuna nyingine, na kwenye njia panda kuna duara zima limechorwa kwa unga huohuo. Wazo la kwanza halitakuwa mazoezi ya viungo. Unga njia panda, huku kwetu, humfanya mtu amshike mtoto mkono na kupita pembeni, akijiuliza mganga gani kapita usiku. Lakini kabla hajamaliza kuwaza, kundi la watu linachomoza uchochoroni likihema: Mzungu mwenye mvi, dada wa benki, kijana aliyefunga kilemba cha Kisingasinga, wote matope hadi magotini. Wanalizunguka duara, wanatawanyika kila upande, kisha mmoja anapaza sauti kutoka nyuma ya kibanda cha mkaa: “On on!” Kundi zima linatimka kumfuata.

Hao ni Hash House Harriers. Mgeni yeyote aliyehamia Afrika Mashariki kikazi, awe mhandisi wa maji, mwalimu wa shule ya kimataifa au ofisa wa ubalozi, hachukui muda kuambiwa na mtu kazini: “Jumatatu una kazi gani? Njoo Hash.”

Mchezo huu ulianzia Kuala Lumpur mwaka 1938, wakati Malaya ingali mikononi mwa Waingereza. Mhasibu mmoja, Albert Stephen Gispert, aliwakusanya wenzake wachache wa makampuni na serikali ya kikoloni wawe wanakimbia jioni za Jumatatu. Walikuwa na mambo mawili ya kutibu: uchovu wa pombe ya wikiendi, na jioni ndefu za mtu aliye mbali na kwao. Kadhaa wao walipanga kwenye jengo la Selangor Club, ambako chakula kilikuwa kilekile siku nenda rudi, nyama iliyokatwakatwa na kupashwa moto na viazi, ambayo Kiingereza huiita “hash”. Wakalibandika jengo jina la utani la “Hash House”, na jina hilo likahamia kwenye kundi.

Kanuni waliziazima kutoka mchezo wa zamani wa shule za Uingereza. Mtu mmoja ni sungura. Anatangulia akiacha alama za vipande vya karatasi. Wengine ni mbwa wa mawindo. Wanamfuata hadi mwisho. Karatasi baadaye ilipisha unga wa ngano na chaki, ambavyo mvua huviondoa bila mtu kufagia.

Vita ilikatiza kila kitu. Wajapani waliivamia Malaya Desemba 1941, na Februari 1942 Gispert akauawa katika mapigano ya Singapore. Waliosalimika walirudi na kuanza upya mwaka 1946, na historia za kundi zinasimulia kwamba mmoja wao aliiandikia serikali kudai fidia ya mali ya chama iliyopotea vitani: vikombe dazeni mbili, beseni la bati na mifuko miwili ya zamani. Hiyo ndiyo ilikuwa hazina yao yote. Mwaka 1950 chama kiliposajiliwa kikalazimika kuandika madhumuni yake, nayo ni pamoja na kupata kiu ya kweli na kuikata kwa bia, na kuwashawishi wazee kwamba bado hawajazeeka kiasi wanachodhani. Msajili alipitisha. Tawi la Singapore likaanza 1962, na kutoka hapo mchezo ukasambaa kila walikohamishiwa watu wa mabenki, majeshi, mashirika ya misaada na balozi. Leo matawi ni zaidi ya elfu moja duniani.

Ukiutazama kwa karibu, ujanja wake wote umo kwenye lile duara la unga. Katika mbio za kawaida mwenye kasi hutangulia na mzembe huachwa, na baada ya nusu saa hakuna tena kundi. Hapa njia hukatika kwa makusudi. Kwenye duara alama zinakoma, na inayofuata inaweza kuwa upande wowote. Wenye mbio wanalazimika kutafuta: huyu anashuka bondeni, yule anapanda kilima, mwingine anaingia njia ya uongo yenye alama tatu nne halafu hakuna kitu, anarudi akilaani. Wakati wote huo wanaotembea wanafika, wanavuta pumzi, wanaongea habari za watoto na za mafuta kupanda bei. Njia ikipatikana, wote wanaondoka tena pamoja. Sungura hodari ni yule ambaye mwanariadha wa marathoni na mama mwenye goti bovu wanamaliza njia yake wakipishana dakika chache.

Jua letu halingoji mtu. Karibu na ikweta giza huingia mnamo saa moja mwaka mzima, kwa hiyo kundi lililoanza saa kumi na mbili jioni humaliza kwa tochi, likiruka mitaro isiyofunikwa. Kuku hudonoa alama, mbuzi huzilamba, na watoto wa mtaa, wakishauelewa mchezo, huwaelekeza wakimbiaji kokote wanakotaka wao. Kuna pia swali ambalo wenyeji huliuliza waziwazi: mnamwaga unga chini na bei hii? Katika mji ambamo familia hupima unga kwa kikombe, swali hilo ni halali, na sungura mwenye busara hutumia chokaa.

Mwisho wa njia huwa ni baa au ua wa mtu, na hapo ndipo sehemu ya pili inaanza, ambayo kwa wengi ndiyo sababu ya kuja. Wanasimama duara. Msimamizi anawaita katikati wageni, walioanguka, aliyekata njia, na kila mwenye hatia ya kubuniwa. Adhabu ni kumaliza kikombe mbele ya wote huku wakiimba. Asiyekunywa pombe anapewa soda, na akishindwa kukimaliza anajimwagia kichwani. Aliyekuja na viatu vipya anaweza kuamriwa anywe kutoka kwenye kiatu chenyewe. Nyimbo nyingi haziimbiki mbele ya wakwe. Kisha sahani zinapita: Kampala ni muchomo na gonja, Nairobi nyama choma na kachumbari, Dar mishkaki na chipsi.

Baada ya kuhudhuria mara kadhaa mtu hupewa jina la kundi, mara nyingi la matusi, na hilo ndilo litatumika. Inawezekana kumjua mtu mwaka mzima bila kulijua jina lake la ukoo wala mwajiri wake. Kwa mtu wa ugenini hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Wiki za kwanza, maisha yake ni ofisi, geti refu lenye mlinzi, na duka kubwa. Watu wote anaowafahamu ni wa kazini, na mazungumzo yao ni kazi. Ghafla, Jumatatu, anasimama kwenye matope pamoja na balozi na mwalimu wa chekechea, na hakuna anayetoa kadi ya biashara.

Urafiki wa ugenini pia una haraka yake. Mikataba mingi ni ya miaka miwili au mitatu, hivyo karibu kila mwezi kuna anayeaga. Nyumbani watu huchukua miaka kualikana chakula. Ugenini mtu anaombwa amtunzie mwenzake paka mwezi wa pili tu wa kujuana. Hash imezoea hali hiyo. Anayeondoka anaitwa katikati, anaimbiwa, anamaliza kikombe chake cha mwisho, na huko aendako, Accra au Jakarta, kuna tawi linalotumia alama zilezile kwa tofauti ndogo. Tangu mwaka 1978, matawi ya dunia yalipokutana Hong Kong, wanaandaa mkutano mkuu kila baada ya miaka miwili.

Si kila mtu anapendezwa. Lawama ya kwanza ni kwamba mambo haya yaliasisiwa na watawala wa kikoloni kwa ajili yao wenyewe, wanaume watupu, na mizaha mingine bado inanuka enzi hizo. Ya pili ni nzito zaidi: kupita vichochoroni mwa watu mbio si sawa na kuujua mtaa, na wapo wageni wanaomaliza mkataba mzima bila kuingia nyumba ya jirani. Kampala limetokea jambo tofauti. Raia wa Uganda waliingia, wakaleta ndugu na wafanyakazi wenzao, na sasa wao ndio wengi. Mgeni wa kikazi anayekwenda pale Jumatatu jioni ndiye anayekaribishwa na kufundishwa nyimbo.

Hofu ya unga, hata hivyo, haiko kwetu tu. Agosti 2007, New Haven huko Marekani, wakimbiaji wawili waliweka alama kwenye maegesho ya duka kubwa la samani. Mtu aliyeona poda nyeupe aliita polisi, duka likafungwa na watu wakatolewa nje, na wawili hao wakafunguliwa mashtaka. Baadhi ya matawi hutoa taarifa polisi kabla ya kuweka njia mjini.

Kujiunga hakuna fomu wala mahojiano. Tawi hutangaza mahali pa kukutania, mtu anafika, analipa ada ndogo ya vinywaji na chakula, anatajwa kwenye duara kama mgeni. Aje na tochi na nguo kavu za kubadilisha. Viatu vipya avichakaze kwanza huko kwake.