Je, Wajua? Panya Aliyetoweka Watu Walipohama

Kuna panya aliyetoweka duniani kwa sababu tu watu walihama! Ni panya wa nyumbani wa St Kilda, visiwa vilivyo zaidi ya kilomita 60 magharibi mwa Hebrides, Scotland. Mwaka 1899 mtaalamu wa wanyama Gerald Barrett-Hamilton aliandika kwamba panya wa huko, wa nyumbani na wa shambani, wanatofautiana na ndugu zao wa bara.

Enzi hizo tofauti za namna hiyo zilionyeshwa kwa brashi na rangi. Ukikutana na michoro ya zamani ya panya, usihangaike na uso. Tazama tumbo: panya wa nyumbani wa St Kilda alikuwa na tumbo la manjano hafifu, na alikuwa mkubwa kuliko yule wa kawaida. Kitabu cha Barrett-Hamilton kuhusu mamalia wa Uingereza kilikuwa na michoro ya Edward Wilson, daktari aliyefia Antaktika mwaka 1912 akirejea na mpelelezi Scott kutoka Ncha ya Kusini.

Tarehe 29 Agosti 1930 wakazi 36 wa mwisho wa St Kilda waliondolewa. Majiko yakapoa, makombo yakaisha, na katika miaka michache tu panya wa nyumbani akatoweka kabisa. Yule wa shambani, mwenye uzito unaokaribia mara mbili ya mwenzake wa bara, yupo mpaka leo, na hapatikani kwingine kokote.