Uchafu Ulio Ndani ya Tangi la Mashua

Mvuvi wa omena katika Ziwa Victoria hufanya kazi yake usiku, tena usiku wa giza, maana omena huifuata taa pasipo mbalamwezi. Saa hizo upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Basi injini ikizimika nje ya kisiwa cha Rusinga, mashua hairudishwi nyumbani bali hupelekwa mbali zaidi, na asiye na kasia wala tanga hana la kufanya ila kungoja kuche.

Mara nyingi injini yenyewe haina kosa. Ubaya umo katika tangi. Petroli iliyolala miezi mingi hupotewa na ile sehemu yake nyepesi, na iliyobaki hugeuka kuwa utomvu unaonata. Tangi lililojaa nusu huvuta hewa yenye unyevu. Penye baridi unyevu ule huwa matone, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini kabisa, pale pale bomba linapofyonzea. Tangi likiwa la chuma, hushika kutu. Kwa hiyo si ajabu injini ikaenda vizuri karibu na gati, kisha ikazimika mawimbi yanapoanza: mtikisiko huutibua uchafu uliokuwa umetulia.

Kulisafisha si kazi ngumu, lakini ina hatari kwa mtu mwenye haraka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hulala ndani ya tumbo la mashua bila kuonekana, na cheche moja yatosha kuuwasha. Tangi linalobebeka lichukuliwe nchi kavu, mahali penye upepo, mbali na jiko, taa na sigara. Lisiloondoka, nyaya za betri zifunguliwe kwanza, ndipo mafuta yavutwe kwa pampu ya mkono. Wako wanaoufyonza mpira kwa kinywa. Desturi hiyo haifai hata kidogo, kwani petroli ikiingia mapafuni yaweza kumwua mtu.

Mafuta ya kwanza yatiwe katika chupa ya kioo, yaachwe yatulie. Maji yataonekana chini yakiwa yamejitenga, na mwenye mashua aliyekuwa akimlaumu fundi wake huenda akamwomba radhi. Kisha tangi litiwe petroli safi kidogo, litikiswe, limwagwe chomboni, tena na tena, mpaka itokayo haina chembe. Mpira, chujio na kikombe cha kabureta visisahauliwe. Tangi safi lenye mpira mchafu ni kazi bure. Mwishowe tangi likaushwe kabisa, ndipo litiwe petroli mpya iliyochujwa, na kama injini ni ya kuchanganyiwa oili, kipimo kiwe kile cha kitabu chake, si cha macho.

Yabaki yale mafuta ya zamani. Ni rahisi kuyamwaga ziwani, lakini petroli huelea na kurudi ufuoni, hapo hapo watu wachotapo maji. Yawekwe katika debe lenye kifuniko yapelekwe kwenye gereji inayoyapokea. Wala yasitiwe katika jiko la mafuta ya taa, hata yakichanganywa kidogo, maana jiko hilo laweza kulipuka. Na tangi lenye tundu likipelekwa kuchomelewa, fundi aambiwe lilikuwa na petroli, kwa sababu tangi lionekanalo tupu huwa bado limejaa mvuke.