Tanga Hukaguliwa Nchi Kavu

Askari haruhusiwi kwenda lindo kabla silaha yake haijakaguliwa. Kanuni hiyo ndiyo impasayo kila apandaye ubao wa tanga, chombo ambacho mtu mmoja husimama juu yake, akalishika tanga kwa mikono miwili na kupelekwa na upepo. Hati ya uvumbuzi wake iliombwa huko California, Marekani, mwaka 1968 na Hoyle Schweitzer na Jim Drake. Mwaka 1984 mchezo huo uliingizwa katika Olimpiki ya Los Angeles. Chombo hicho hakina usukani wa kushikwa mkononi. Huongozwa kwa kulilaza tanga huku na huku, kwa kuwa mlingoti umesimamishwa juu ya kiungo kipindacho pande zote.

Kazi huanza kwa kusoma. Juu ya tanga zimechapwa namba za vipimo vyake. Tanga ambalo ukingo wake wa mbele ni sentimita 430, likipewa mlingoti wa sentimita 400, hudai nyongeza ya sentimita 30 chini. Vipande vya mlingoti hupanguswa mchanga kabla ya kuunganishwa, la sivyo hukwama visitengane tena. Kisha mlingoti huingizwa katika mfuko wa ukingo wa mbele hadi nchani.

Sasa inakuja hatua iliyo kuu: kulivuta tanga chini kwa kamba ipitayo katika kapi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Huvuta kidogo, wakaliona tanga limenyooka, wakaridhika. Lakini upepo unapokaza, tumbo la tanga hilo husogea nyuma, likawa zito na kumchosha mtu mikono. Inapasa kuvuta kwa nguvu mpaka ukingo wa nyuma, karibu na ncha, ulegee kidogo. Ulegevu huo si kasoro. Ndiyo njia ya kuupitisha upepo uliozidi.

Upinde wa kushikia hufungwa katika kimo cha kati ya kifua na mabega. Kamba ya nyuma huvutwa kwa kiasi tu, tanga lisiugandamize upinde. Mwisho fito hukazwa mpaka mikunjo iondoke. Wakati wa kufungua, kamba ya nyuma hulegezwa kwanza, ya chini baadaye.

Kabla ya kuingia majini, ukaguzi wa mwisho. Tazama kamba mahali inapopita katika kapi, kwani huko ndiko inakolika. Bandu bandu huisha gogo. Pinda kiungo cha mlingoti na kutafuta ufa. Kiungo kikikatika mbali na ufuko, ubao na tanga hutengana, nao ubao mtupu huweza kuchukuliwa na upepo upesi kuliko mwogeleaji awezavyo kuufuata. Aliyepatwa na hayo na aushike ubao kwanza, wala asiuache kwa kutumaini kuogelea hadi pwani. Hatari huzidi pale upepo unapovuma kutoka nchi kavu, maana maji ya karibu huonekana shwari hali upepo unampeleka mtu mbali.

Basi vaa jaketi la kujiokolea, chukua kamba ya akiba, na umwarifu mwenzako saa utakayorejea. Shughuli yote hii haimalizi saa moja, nayo humwepusha mtu na hasara isiyorekebishika akiwa majini.