Kutafuta Chembe Zilizojificha

Mwanafunzi anayejisomea chini ya paa la bati huko Kaloleni, Arusha, huenda akadhani kwamba hakuna kinachomgusa. La hasha! Kila dakika, chembe zipatazo 100 ziitwazo muoni hupenya kiganja chake alichokikunjua. Chembe hizo huzaliwa wakati miale kutoka anga za mbali inapogonga hewa iliyo juu yetu. Aidha, miamba ya Mlima Meru, kama miamba yote, hutoa mnururisho wake kidogo kidogo.

Kwa mtafiti wa chembe mpya, ishara hizi ni kama kelele za soko kwa mtu anayesikiliza mnong'ono. Tuseme chombo chake hupokea ishara za kawaida 100 kwa mwezi. Idadi hiyo hupanda au kushuka kwa 10 hivi kwa bahati tu, kwani kipeuo cha pili cha 100 ni 10. Ishara 3 za chembe mpya zikiongezeka humo, hakuna atakayezitambua. Lakini ishara za kawaida zikipunguzwa hata zisifike 1, hizo 3 huwa habari kubwa.

Hilo ndilo lengo la jaribio la SHiP, lililoidhinishwa mwaka 2024 katika maabara ya CERN, karibu na mji wa Geneva. Protoni zenye kasi zitagongeshwa kwenye bonge la metali, kwa matumaini kwamba zitazaliwa chembe zisizojulikana, zitakazovunjika ndani ya chumba kirefu kilicho mbele. Kinga ya kwanza ni chuma kinene, kitakachomeza chembe nyingi za kawaida. Muoni hupenya chuma hicho, lakini kwa kuwa zina chaji ya umeme, sumaku kubwa zitazipinda kando. Chembe inayotafutwa haina chaji, hivyo itasonga mbele bila kupindwa. Hatimaye, vipimio vinavyokizunguka chumba vitatambua chembe yoyote iingiayo kutoka nje, nayo itakataliwa.

Hata hivyo, chujio likikaza mno laweza kutupa hata kile kinachotafutwa. Kwa hiyo kila kinga hujaribiwa kwanza.

Mwalimu mwenye kihesabio cha Geiger aweza kuanza somo hili darasani. Wanafunzi wapime mnururisho wa asili kabla ya kuleta chanzo chochote, kisha watoe hesabu hiyo katika kipimo cha pili. Asiyejua kiasi cha kelele hawezi kuapa kwamba amesikia mnong'ono.